Ndege Hawamsubiri Mgeni Rasmi

Skola,

Nakusikia ukiburuta sanduku huko chumbani. Nimeinuka nije kubisha hodi, nikarudi kukaa. Ningeingia tungegombana tu. Ningesema neno moja, wewe ungenijibu "Sawa, mama" kwa ile sauti yako ya siku hizi, kama karani wa dirishani anayetaka foleni isogee, mimi ningepandisha, na kesho ungepanda basi tumenuniana. Kwa hiyo naandika. Karatasi hainijibu "Sawa, mama."

Mambo ya huko chuoni hutayapata humu. Ule nini, ulale saa ngapi, wanaume uwaambie nini, hayo yote shangazi yako atakueleza mpaka uombe po. Amejiandaa, namjua. Mimi nina hasira, mwanangu. Nimekaa na hasira tangu siku ya tamasha, napika nayo, naenda nayo misa, baba yako ameshahamia kulala shambani Katindiuka kwa kisingizio cha nguruwe wa porini. Sitaki uondoke ukidhani hasira hii yote ni yako wewe. Iko yako, nitaifikia. Lakini kuna watu wametangulia kwenye foleni.

Unakumbuka maktaba yetu ilivyokuwa kabla hamjaja na simu zenu. Wazee wa magazeti, basi, na wanafunzi wanaokumbuka kwamba kuna vitabu mtihani ukikaribia. Wewe na rafiki yako Editha mliponijia na habari ya tamasha la filamu la vijana nilicheka. Nikasema sinema zina mahali pake, kibanda umiza, na kule angalau kuna DJ wa kutafsiri. Loh, mlivyonivaa! Halafu mkageukiana wenyewe, mkabishana wiki nzima kama filamu ya Kiswahili nayo inahitaji DJ. Wale vijana wenzenu wa Sanje walishikilia kwamba bila mtu wa kupiga kelele juu ya picha, watu watalala.

Sikukwambia wakati ule kwa sababu mama hasemi kila kitu, lakini nilikuwa naringa. Nilikuwa nikifika kazini nawakuta mmelala sakafuni kwenye ukumbi wa kusomea mmezunguka ile kompyuta mpakato, mnakata picha, mnagombania sekunde kama watu wanaogombania nyama. Simu imefungwa kwenye mpini wa fagio. Mzee mmoja wa magazeti aliondoka kwa hasira kwamba mnapiga kelele, kesho yake akarudi kuniuliza kama yule muuza ndizi wa kwenye filamu ya Sanje alilipwa au dereva alimkimbia. Mimi nimefanya kazi ya ukutubi miaka yote hii na sijawahi kuona mtu akirudi maktaba kwa sababu jambo limemkosesha usingizi. Ninyi mlilifanya hilo. Nilishona yale mashuka mawili kuwa moja, mkapata pazia la kuonyeshea, na kila sindano niliyochoma niliona fahari.

Ndiyo maana najiuliza ni shetani gani alinipitia.

Editha alikuja mezani kwangu, akanipa shikamoo, akasimama kwa adabu zake zile za kupinda kidole. Akasema, "Mama Skola, naomba filamu yangu iwe ya kwanza. Na tuanze saa nne, tusipitishe."

"Kwa nini saa nne?"

"Mama atakuja. Saa hizo ndege wanapumzika."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Mimi ni mtoto wa mkulima. Mpunga ukiwa kwenye maziwa, punje bado laini, kwelea kwelea wanashuka tangu kunapopambazuka, wanakula mpaka jua linapokuwa kali, halafu wanaingia kwenye matete kupumzika. Jua likipoa wanarudi. Mwanamke anayeamia ndege wasile mpunga ana nafasi hiyo ya katikati tu ya kushuka kwenye dungu, apike, aoge, amnyonyeshe mtoto. Ukikosekana jioni moja tu, unavuna makapi. Sasa Mama Editha alikuwa anatoka Namawala kwa bodaboda, kwenye saa yake hiyo ya kupumua, aje aone alichotengeneza binti yake, awahi kurudi kabla ndege hawajaamka. Mpango wenu mzima wa siku ile mliupanga kwa kufuata ndege. Nani mwingine angefikiria hivyo? Watu wa Dar es Salaam? Thubutu!

Na mimi nikaichukua saa hiyo ya Mama Editha nikampa mheshimiwa.

Jina lake silitaji, nitachafua karatasi. Mkuu wangu wa kazi aliniambia, "Mama Skola, shughuli bila mgeni rasmi ni shughuli gani?" Usidhani alinilazimisha. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nataka kompyuta. Nilijiambia, mheshimiwa akiona watoto wanabanana kwenye kimashine kimoja, moyo utamwuma, atatuletea. Nikapeleka barua ya mwaliko bila kuwaambia ninyi, kwa sababu nilijua wewe na Editha mngekataa. Mlipojua, tamasha lilikuwa kesho yake.

Ngoja nikwambie ugonjwa huu niliupata wapi, maana si wa jana. Nikiwa shule ya msingi kule Mahenge nilikuwa kwenye kwaya. Siku moja tulipangwa uwanjani asubuhi kumpokea mgeni, sare zimepigwa pasi, tuna wimbo wenye jina lake. Tukaimba. Kila gari lililosikika mlimani mwalimu alitupigia filimbi tuanze upya. Jua likatuwakia. Rafiki yangu Agata akaanguka, akabebwa akalazwa kivulini, sisi tukaambiwa tuzibe pengo lake tuendelee. Mgeni hakuja. Pilau la meza kuu walikula walimu, sisi tukarudishwa nyumbani na njaa. Mama, bibi yako huyo, akaniuliza jioni, "Haya, mgeni amesemaje?"

Nikamwambia amesema tunaimba vizuri.

Nilikuwa mtoto mdogo, Skola, na tayari nilikuwa naona aibu kwa niaba ya mtu mzima ambaye hata hakufika. Yeye hakuona aibu yoyote. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu: mkubwa akikosea, aibu inabebwa na wadogo. Nilikuwa nadhani nimeshapona.

Siku yenyewe Mama Editha alifika kabla ya wote. Amevaa kitenge kipya, bado kina mikunjo ya kukaa sandukuni. Akaingia, akaangalia shuka letu ukutani, akaangalia mablanketi tuliyozibia madirisha, akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, katikati. Ungemwambia akae wapi? Filamu ilikuwa yake. Mimi nilikuwa nimeshika maua ya plastiki ya meza kuu.

"Mama, samahani. Hapo ni pa wageni. Sogea kule nyuma."

Akafungua mdomo, pasitoke kitu. Pumzi tu. Akagusa koo lake akatabasamu. Nikadhani ana mafua. Nikamshika kiwiko, nikamwinua.

Ndipo wewe, kule kwenye projekta, ukasimama. "Mama, mwache! Huyo ni mama yake Editha!"

"Skola, kaa chini."

"Mama, filamu ni yake..."

"Nimesema kaa chini. Usinitie aibu mbele za watu."

Ukakaa. Mama Editha akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, miguu ameibana ili asiwazuie wanaopita.

Saa nne ikafika. Nikapiga simu. "Yuko njiani." Saa tano nikapiga. "Wamefika Kibaoni." Jamani, Kibaoni! Mtu akitoka Kibaoni kwa miguu huku anamsalimia kila jirani angekuwa ameshafika. Ukaja kuninong'oneza tuanze na ya Editha peke yake, ni fupi. Unakumbuka nilichokujibu? "Na akiingia katikati ya giza hili, atakaa wapi?" Hivyo ndivyo mama yako mwenye cheti cha ukutubi alivyosema. Ukumbi mzima wa watu wazima na watoto wameketi wakitazama shuka jeupe, kwa sababu mtu mmoja asije akajikwaa.

Mama Editha alikuwa anatoka mlangoni anaangalia jua, anarudi, anatoka tena. Mwisho akamwita Editha kwa kupiga makofi polepole, akamshika mkono, akamwonyesha jua. Editha akamsindikiza mpaka getini. Usidhani sikuona. Niliona vizuri kabisa, nikainama kunyoosha kitambaa cha meza.

Mheshimiwa akaja ndege wakiwa wameshaanza kurudi mashambani. Akasema itifaki imezingatiwa, halafu akahutubia. Vijana ni taifa la kesho, makofi. Teknolojia, makofi. Akauliza kama filamu ni ndefu. Mkawasha ya Editha, yeye akiwa kwenye kile kiti cha katikati, na muda wote uso wake ulikuwa unamulikwa na simu yake kutoka chini. Hakuinua kichwa. Filamu ilipokwisha akawa wa kwanza kupiga makofi. "Watoto wetu wana vipaji!" Akapiga picha na Editha, na Editha akatabasamu kama alivyoambiwa, halafu nikamwona kwenye bomba la nyuma anajimwagia maji usoni na hataki kuacha. Tuliahidiwa kompyuta. Kompyuta ziko njiani. Nadhani na zenyewe zimefika Kibaoni.

Hata mimi siku ile sikuiona filamu, nilikuwa nahangaika na soda za msafara. Niliiangalia baadaye, peke yangu, wewe ukiwa umeshaacha kuongea na mimi. Nikamwona Mama Editha juu ya dungu kabla hakujapambazuka vizuri, anapiga debe, anapiga mayowe, anawatukana wale ndege kwa Kindamba matusi ambayo sikutegemea kuyasikia kwenye maktaba ya umma. Nikacheka. Halafu siku zinapita na sauti inakwenda inapungua. Inakuwa ya kukwaruza, inakuwa mnong'ono, inakwisha. Nyumbani anawaita watoto kwa makofi. Ya haraka haraka ni uji umeiva, ya polepole ni njooni mlale, na yule mdogo wake Editha anayajua yote, anatoka mbio. Mwisho ameshika rozari, midomo inacheza, hakuna kinachosikika.

Nikaifunga ile kompyuta. Nikakumbuka alivyogusa koo akatabasamu. Mimi nilimwinua mtu ambaye hakuweza hata kuniambia hapana. Nililia kwa hasira, Skola, si kwa huruma. Huruma ningeipata wapi, mimi niliyemshika kiwiko?

Mkuu wangu akaniambia shughuli ilifana, na ya mwakani tualike mkubwa zaidi. Hapo ndipo nilipopandisha mpaka wazee wa magazeti wakakunja magazeti yao wasikilize. Nikamwambia hakuna cha mwakani. Tutarudia tamasha lile lile mwaka huu huu, mavuno yakiisha, na mgeni rasmi hayupo.

"Na mheshimiwa tumwambie nini?"

"Mwambie aje kama mzazi. Akae atakapopata nafasi."

Akasema nitakuja kujibu. Nikamwambia nitajibu. Huenda wakanihamishia mahali ambako hata magazeti hayafiki. Sawa, nitashona mashuka huko huko.

Watu watakuambia hasira hasara. Umri huu wangu wote nimeliamini hilo neno, na hasara niliyopata siku ile niliipata kwa sababu sikukasirika. Nilikuwa mpole, nimechangamka, nanyoosha vitambaa. Kama kuna kitu nataka ukichukue kichwani mwangu kabla hujaondoka, ni hicho. Huko uendako utakuta meza kuu za kila namna, na nyingi hazina kitambaa wala maua, hutazitambua upesi. Utajikuta unamsogeza mtu kwa sauti nzuri, unamwita "mama, samahani." Mimi sauti yangu siku ile ilikuwa nzuri sana.

Sasa tufike kwako.

Wewe umesema mbele ya baba yako kwamba tamasha limekufa, hurudi kwenye maktaba ile, na filamu ya Editha utaipeleka Dar waione watu wanaojua sinema. Nani amekwambia tamasha ni lako peke yako mpaka uliue? Na Editha je? Yuko shambani na mama yake sasa hivi, hajakanyaga tena maktaba, kila mtu anamwachia nafasi ya kununa isipokuwa wewe umenuna kumzidi yeye. Na hao wanaojua sinema, wanajua ndege? Filamu hiyo ina mtu mmoja aliyetengenezewa, na huyo mtu hajaiona. Ukienda kuionyesha kwingine kabla hajaiona, wewe na mheshimiwa mtakuwa mmepishana shati tu.

Juzi niliposema naenda Katindiuka kumpelekea baba yako chumvi, nilikudanganya. Nilikwenda Namawala. Nilibeba ile kompyuta mpakato kwenye mkoba, nimeifunga kwa khanga isiingie vumbi. Nilimkuta Mama Editha chini ya dungu anachambua mchicha, ni saa zile za ndege kupumzika. Sauti imeanza kurudi, ya kukwaruza. Akanikaribisha kigoda. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka machache na hayakutoka kwa mpangilio. Alinisikiliza huku akichambua mchicha wake, hakunisaidia hata kidogo, na haki yake.

Nikatoa kompyuta. Nikamwambia, "Nimekuletea uione."

Akaitazama kama anayetazama kitu kilichookotwa. "Mama Skola, funga. Unaniletea sinema shambani kama mgonjwa anayeletewa uji? Mwanangu aliitengeneza watu waione, na mimi niko kati ya hao watu. Nitaiona huko huko nilikotoka bila kuiona."

Nikamwambia mavuno yakiisha tutafanya upya, yeye achague siku. Akasema atafikiria. Editha alikuwa juu ya dungu, amenipa shikamoo kutoka huko huko juu na hakushuka.

Nikasimama niage. Ndipo Mama Editha akaniuliza, "Yule binti aliyesimama siku ile, ni wako?"

"Ni wangu. Ndiye Skola."

"Alisimama vizuri. Mimi nilikuwa sina sauti, nikafurahi, nikasema huyu atanisemea." Akatupa bua la mchicha kando. "Mbona alikaa?"

Nikamwambia ulikaa kwa sababu mimi nilikuambia ukae.

Akanitazama. Hakusema kitu, na safari hii sauti alikuwa nayo.

Hasira yangu kwako ndiyo hiyo, mwanangu, nimetembea nayo njia nzima kutoka Namawala. Kwamba ulikaa. Ulikuwa na haki, ulijua una haki, ulikuwa mtu pekee mle ndani aliyesimama, na neno moja langu likatosha. Nakasirika na mimi kwa sababu ndiye niliyekulea hivyo. Tangu unatambaa nimekuwa nikikwambia mkubwa akisema umesikia, na ulisikia, ulisikia vizuri kupita kiasi.

Kesho stendi kutakuwa na watu, na mimi nitakuwa nakusukumia mfuko wa mchele dirishani na kukwambia usisahau hiki na kile, kwa hiyo ninalolitaka nalisema hapa. Mpigie Editha kabla basi halijatoka. Mavuno yakiisha, Mama Editha akituma siku, omba ruhusa, uje. Nitaziba madirisha, nitatundika shuka, wewe utasimama pale kwenye projekta.

Na nikikuambia ukae chini, usikae.

Mama yako, ambaye hasira haijaisha na wala haombi iishe